Picha Isiyo na Oda

Sehemu kubwa ya picha zinazochorwa duniani huchorwa kwa oda, hata pale ambapo mnunuzi hajaandika barua wala hajatoa malipo ya awali, kwa sababu mchoraji anayeishi kwa brashi yake hujua mapema ni kitu gani kitatoka dukani na ni kitu gani kitabaki ukutani kikishika vumbi, na ujuzi huo humwongoza mkono kabla hajafungua rangi. Oda, kwa maana inayotumika katika makala haya, si agizo la mteja mmoja mwenye jina na anwani tu, bali ni jumla ya matarajio ya soko yanayomfikia mchoraji kupitia kwa mwenye duka, dalali au mfadhili. Wasanii wengi huizungumzia oda kama adui wa sanaa, na wahakiki huwaunga mkono, lakini ipo picha moja ndogo ya mtaa wa Paris uliolowa mvua usiku ambayo, ikichunguzwa pamoja na mazingira yaliyoizaa, inadhihirisha uhusiano wa namna nyingine kati ya kazi ya kulipwa na kazi ambayo hakuna aliyeiomba.

Picha yenyewe ni Boulevard Montmartre wakati wa usiku, iliyochorwa na Camille Pissarro mwaka 1897, na leo imo katika hazina ya National Gallery, jumba la taifa la picha lililopo Trafalgar Square, London. Upana wake ni sentimita 64.8 na kimo chake ni sentimita 53.3, kipimo ambacho mtu mmoja hubeba kwapani bila taabu, na imechorwa juu ya turubai kwa rangi za mafuta. Rangi za mafuta zinazotajwa hapa si zile za kopo zinazopakwa milango na madirisha, bali ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani hadi ukawa laini na mzito, unaokauka polepole kiasi kwamba mchoraji anaweza kuchanganya rangi mbili juu ya turubai lenyewe kabla ile ya kwanza haijashika. Tangu mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati inayokunjika, rangi hizo ziliweza kubebwa mfukoni na kutumiwa mahali popote, iwe kondeni, ufukweni au katika chumba cha hoteli, na ni vigumu kufikiri kwamba kundi la wachoraji alilokuwamo Pissarro lingefanya kazi liliyoifanya bila kifaa hicho kidogo.

Anayetazama mtaa huo yuko juu, kwenye dirisha la ghorofani. Barabara inaanzia karibu chini yake kwa upana, kisha inasinyaa kadiri inavyokwenda mbali hadi kumezwa na giza karibu na katikati ya picha, na pande zote mbili yamesimama majengo marefu yaliyoshikana, yaliyopakwa buluu nzito na zambarau, chini ya anga ambayo mipigo yake ya brashi haikusawazishwa. Miti ya kando haina majani. Upande wa kulia magari ya kukodi ya farasi yamepanga mstari yakisubiri abiria, na katika njia za waendao kwa miguu wako watu ambao hawana uso, mkono wala mguu, kila mmoja akiwa ni mguso mmoja au miwili ya rangi nyeusi, na hata hivyo jicho halisiti kuwatambua kuwa ni watu, tena watu walio katika matembezi na si katika hofu, ingawa mchoraji hakutumia juhudi yoyote inayoonekana kueleza hali hiyo.

Jambo ambalo mtu wa ufundi hulitambua haraka ni kwamba Pissarro hakuchora mwanga wa aina moja, bali wa aina tatu, na kila aina aliitafutia rangi yake na namna yake ya kuishika brashi. Kwenye mstari wa katikati, ukielekea mbali, ziko taa za umeme za barabarani, ambazo ni matone meupe yenye ubaridi, mazito kiasi kwamba rangi imetuna juu ya turubai. Taa za barabarani za umeme katika enzi hiyo kwa kawaida zilikuwa taa za tao, yaani taa ambazo umeme huruka katika mwanya kati ya fimbo mbili za kaboni na kutoa mwako mweupe mkali, na wakazi wa Paris walikuwa wameanza kuzizoea tangu mwaka 1878, mhandisi Mrusi Paul Jablochkoff alipowasha za kwake katika Avenue de l'Opéra. Katika vioo vya maduka na mikahawa unaonekana mwanga wa gesi, ambao Pissarro ameupa manjano na rangi ya chungwa na kuuacha umwagike hadi njiani, na ndio unaochukua sehemu kubwa ya joto la picha. Mwanga wa tatu ni wa vitaa vidogo vya mafuta vilivyofungwa kwenye magari ya farasi, ambavyo havimuliki chochote zaidi ya kuonyesha kwamba gari lipo. Kwa hiyo katika mtaa mmoja zimekutana taa za vizazi vitatu, na hata walipaji wake si wamoja, kwa kuwa ile nyeupe ni ya jiji, ya manjano ni ya mwenye duka, na kile kitone chekundu-chekundu ni cha mwendesha farasi ambaye huenda mapato yake ya usiku huo yalitegemea mvua iendelee kunyesha.

Mvua katika picha hii haionekani ikianguka, kwa maana hakuna mstari hata mmoja unaoteremka kutoka angani, bali inajulikana kwa kazi iliyoifanya ardhini. Barabara kavu ina uso wenye mikwaruzo ambao hutawanya mwanga kila upande, na ndiyo maana huonekana ya kijivu sawasawa, lakini ikifunikwa na tabaka jembamba la maji hugeuka kioo, na kwa kuwa maji hayo hayatulii, kila taa iliyo juu hupata kivuli cha mwanga kilichorefuka kuelekea kwa mtazamaji, kikikatika na kuungana, huku sehemu zisizo na taa zikizidi weusi kuliko zilivyokuwa kabla ya kulowa. Pissarro ameyaeleza yote hayo kwa mipigo mifupi ya manjano, nyeupe na buluu iliyowekwa rangi ya chini ikiwa bado mbichi, ili kingo zake zilegee zenyewe. Ubuluu ulioenea katika giza nao una sababu katika maumbile ya jicho, kwani mwanafiziolojia Jan Purkyně wa Bohemia alieleza mapema katika karne ya 19 kwamba mwanga unapopungua jicho hupoteza wekundu kwanza huku buluu ikibaki, na mchoraji yeyote aliyewahi kukaa nje magharibi hadi usiku anayajua hayo hata kama hajawahi kulisikia jina la Purkyně.

Pissarro alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 katika kisiwa cha St. Thomas, ambacho wakati huo kilikuwa koloni la Denmark katika bahari ya Karibi, katika familia ya Kiyahudi iliyokuwa na duka. Alipelekwa kusoma karibu na Paris akiwa na umri wa miaka 12, akarudi kisiwani kufanya kazi ya ukarani katika biashara ya baba yake, akatoroka na mchoraji Mdenmark Fritz Melbye kwenda Venezuela mwaka 1852, na mwaka 1855 akahamia Ufaransa moja kwa moja. Kundi lililokuja kuitwa la Waimpresionisti, yaani wachoraji waliotaka kushika jinsi kitu kinavyoonekana katika mwanga wa saa ile ile na si jinsi akili inavyokikumbuka, lilifanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1874 katika jengo la Boulevard des Capucines, umbali mfupi tu kutoka mahali ambapo picha hii ingechorwa baadaye, na katika maonyesho yote manane ya kundi hilo, hadi lile la mwisho la mwaka 1886, Pissarro ndiye pekee aliyeshiriki bila kukosa. Cézanne na Gauguin walijifunza kando yake. Heshima hiyo haikumpa fedha. Alikuwa na familia kubwa, alikopa kwa marafiki, na nyumba ya kijijini Éragny aliyokuwa akiishi alifanikiwa kuinunua mwaka 1892 kwa mkopo kutoka kwa Monet.

Juu ya umaskini ukaja ugonjwa wa jicho. Mrija wake wa machozi, ambao ni njia nyembamba inayopeleka machozi kutoka jichoni hadi puani, ulikuwa ukipata uambukizi mara kwa mara, na upepo na vumbi vilizidisha tatizo, kwa hiyo mtu aliyekuwa amejenga sifa yake yote kwa kuchora nje, shambani, alilazimika kuingia ndani na kutazama kupitia kioo. Katika kipindi hicho hicho mfanyabiashara wa picha Paul Durand-Ruel, aliyekutana naye London wakati wote wawili walipokimbia vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871, alikuwa ameona kwamba wanunuzi wanapenda mifululizo. Mfululizo ni kundi la picha za kitu kimoja katika saa na hali mbalimbali za hewa, na Monet alikuwa amethibitisha faida yake mwaka 1891 kwa picha za malundo ya ngano zilizouzwa kwa wepesi. Mitaa mikubwa ya Paris, yenye maduka, maonyesho na misafara, ilikuwa na wapenzi wengi kuliko mashamba ya kabichi ya Éragny, na Pissarro, ambaye hakuwa mtu wa kujidanganya katika mambo ya riziki, alilijua hilo.

Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 66, alikodi chumba katika Grand Hôtel de Russie, kwenye kona ya Rue Drouot, ambako dirisha moja lilimpa urefu wote wa Boulevard Montmartre, na hadi Aprili alikuwa ameuchora mtaa huo mara 14, pamoja na picha mbili za Boulevard des Italiens iliyokuwa upande wa pili. Ziko za asubuhi ya baridi, za ukungu, za jua la alasiri, za majira ya kuchipua wakati miti imeanza kuvaa majani, na ziko pia za Mardi Gras, ile Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, wakati mtaa ulipojaa msafara na riboni za karatasi. Hii ndiyo oda katika sura yake iliyo wazi kabisa, kwa kuwa mchoraji alikaa mahali pasipo pake, akichora kitu ambacho dalali alitarajia kukiuza, kwa ukubwa unaotundikika katika sebule ya mtu mwenye fedha, na kodi ya chumba ikihesabika kila siku. Picha ya usiku ni moja tu kati ya zote hizo.

Mwandishi wa makala haya aliyafahamu mambo ya oda kabla hajalisikia jina la Pissarro, kwa sababu alianza kazi katika karakana moja ya picha za kuuzia watalii jijini Dar es Salaam, ambako mtindo uliotumika ni ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, wa kuchora wanyama na ndege juu ya hadibodi kwa rangi ya enameli, yaani ile rangi ya kopo yenye kung'aa ambayo hupakwa pia kwenye baiskeli. Kila asubuhi mwenye karakana, ambaye vijana walimwita Mzee, alizisoma oda kutoka kwenye daftari, ambazo zilikuwa tembo wawili na Mlima Kilimanjaro, twiga na mbuyu, au Wamasai watatu wakati wa machweo, kila moja kwa idadi na kipimo chake. Mvua haikuwahi kuandikwa katika daftari hilo. Mzee alikuwa akieleza, tena bila ukali wowote, kwamba mtalii hakupanda ndege kutoka kwao kwenye mawingu ili aje kununua mawingu mengine, na hesabu za mwisho wa mwezi zilimpa haki. Usiku nao uliruhusiwa kwa sharti moja, kwamba uwe na mwezi mpevu na simba.

Katika karakana hiyo alikuwamo fundi mmoja aliyewazidi wengine umri, mkazi wa Magomeni, ambaye jioni alikusanya rangi iliyosalia kwenye vifuniko vya makopo pamoja na vipande vya hadibodi vilivyokatwa vikawa havifai kwa oda yoyote, na juu ya kimojawapo cha vipande hivyo alichora Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, usiku wa masika. Namna alivyoifanya inastahili kuelezwa, kwa sababu haikuwa na uhusiano wowote na kitabu. Alipaka barabara yote kwa enameli nyeusi, akaweka juu yake matone ya manjano na meupe mahali zilipopaswa kuwa taa za daladala, kisha, kabla nyeusi haijashika, akafunga kidole kwa kitambaa na kuyavuta matone yale kuelekea chini kwa mkono mmoja usiotetemeka, na kwa kuwa enameli ikikauka hubaki na mng'ao, barabara ilionekana imelowa kila ilipotazamwa kutoka pembeni. Ule mvuto wa kuelekea chini ndio alioutumia Pissarro, kwa sababu maji ya Kariakoo na maji ya Paris huirefusha taa kwa kanuni moja. Hakuna mteja aliyeiulizia bei picha hiyo, na Mzee aliitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo wageni hawakufika.

Kuchora usiku kuna taabu ambayo mtazamaji wa picha iliyokwisha kukauka haioni kwa urahisi. Anayetaka kuona rangi zake anahitaji taa ndani ya chumba, lakini taa ikiwashwa ndani, kioo cha dirisha humrudishia uso wake mwenyewe na kuuficha mtaa, na ikizimwa, mtaa hurudi lakini rangi zilizo mkononi hupotea. Aidha, mwanga wenye umanjano, kama ule wa gesi, wa chemli au wa karabai, huifanya rangi ya manjano hafifu isitofautiane na nyeupe, na huisukuma buluu ielekee weusi, kwa hiyo kilichopangwa kwa uangalifu saa nne usiku huonekana asubuhi kimebadilika tabia. Mafundi wa karakana ile walilijua hilo vizuri kutokana na miaka ya mgawo wa umeme, na dawa yao ilikuwa kuyapanga makopo kwa mpangilio usiobadilika, ili mkono uchukue rangi kwa mahali ilipo na si kwa inavyoonekana. Picha ya Pissarro haionyeshi dalili ya kusitasita. Buluu zake zinabaki buluu na nyeupe ya umeme haijachafuliwa na manjano, jambo linaloashiria mtu ambaye mpangilio wa rangi zake, na mpangilio wa mtaa wenyewe, ulikuwa umekwisha kuingia mkononi kiasi cha kufanya kazi karibu kwa kupapasa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Mkono ule haukuupata ujuzi huo usiku. Uliupata katika majuma ya kuchora mtaa ule ule, kutoka dirisha lile lile, kwa ajili ya dalali, hadi mstari wa mapaa, upana wa barabara na mahali pa kila mti vikawa havihitaji tena kutafutwa, na usiku ulipoingia kilichobaki kutafutwa kilikuwa mwanga peke yake. Tena oda ndiyo iliyolipa kodi ya chumba. Bila wanunuzi wa asubuhi za baridi na alasiri za jua, Pissarro angekuwa Éragny, kijijini, ambako usiku hauna taa tatu bali hauna hata moja, na picha hii isingekuwapo. Wale wanaowashauri vijana waache kazi za kulipwa ili wawe wasanii huru hawaelezi kodi italipwa na nani, na mara nyingi, ukiwachunguza, utakuta wao wenyewe wana mshahara.

Hata hivyo, oda peke yake isingeizaa. Pissarro hakuitia saini picha hiyo, wala haikuonyeshwa hadharani katika uhai wake, ilhali kwa desturi ya biashara ya picha saini ndiyo inayotangaza kwamba kazi imekamilika na inaweza kuondoka. Baadhi ya watu wamependa kuona hapo mchoraji asiyeridhika na kazi yake, lakini maelezo mepesi zaidi ni kwamba alikuwa na picha za kutosha za kuuza, na hii haikuwa miongoni mwake tangu mwanzo. Wakati huo soko la Paris halikuwa na hamu kubwa ya mitaa ya usiku. Gustave Caillebotte alikuwa ameichora mvua ya Paris mwaka 1877 katika picha kubwa ambayo leo iko Chicago, yenye miamvuli na mawe yaliyolowa, lakini hiyo ni mvua ya mchana, iliyopimwa kwa rula, na watu wake wana nyuso. Whistler, aliyeupenda usiku kuliko wote, alimshtaki mhakiki John Ruskin mjini London mwaka 1878 kwa kuidharau picha yake moja ya usiku, akashinda kesi, akapewa fidia ya robo ya peni na mzigo wa gharama uliomfilisi. Monet naye alipojaribu uwanja wa Leicester Square usiku, mwanzoni mwa karne ya 20, hakuendelea nao.

Mwaka 1897 wenyewe haukumwachia Pissarro nafasi ya kuufikiria usiku mmoja kwa muda mrefu. Mwanawe Lucien, aliyekuwa akiishi London na ambaye barua za baba yake kwake ndizo chanzo kikubwa cha mambo yanayojulikana kuhusu mfululizo huu, aliugua vibaya majira ya kuchipua, na mwanawe mwingine, Félix, alifariki London Novemba mwaka huo kwa kifua kikuu. Muda mfupi baadaye kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyehukumiwa kwa usaliti ambao hakuutenda, iliigawa nchi, na Degas na Renoir, wenzake wa miaka yote, wakawa upande uliowachukia Wayahudi. Pissarro aliendelea kufanya kazi. Alihamia hoteli nyingine na kuanza mfululizo wa Avenue de l'Opéra, ambamo mvua inarudi mara kadhaa, safari hii mchana, juu ya uwanja wa mbele ya Théâtre Français, na wepesi alioueleza nao unyevu wa uwanja ule, kwa kijivu na waridi bila kutegemea taa, unawafaa sana wanaotaka kuona mchoraji aliyekwisha kujua maji ya barabarani yanafanya nini.

Yule fundi wa Magomeni naye alirudi kwenye tembo wake. Lakini wenzake waliokaa naye benchi moja waliona kwamba mandharinyuma ya tembo hao, ambayo awali yalikuwa ya rangi moja iliyolala, yalianza kuwa na kina, kwa sababu alikuwa akiivuta rangi mbichi kwa kitambaa chini ya miguu ya wanyama ili kupata ziwa, na oda za tembo wenye ziwa zikaanza kuandikwa katika daftari. Mzee hakuuliza mbinu ilitoka wapi.

Pissarro alifariki Paris tarehe 13 Novemba 1903. Mwaka 1925 National Gallery iliinunua picha ya usiku kwa fedha za mfuko ulioanzishwa miaka miwili kabla na Samuel Courtauld, mwenye viwanda vya hariri ya bandia, aliyetoa pauni 50,000 ili taifa la Uingereza lipate kazi za Wafaransa ambazo wakuu wa majumba yake walikuwa wamezipuuza, na mfuko huo huo ndio ulioleta Alizeti za Van Gogh mwaka uliotangulia. Picha nyingine za mfululizo zimetawanyika, mojawapo New York, mojawapo Melbourne, mojawapo St. Petersburg. Ile ya majira ya kuchipua, ambayo familia ya Myahudi Max Silberberg ilinyang'anywa wakati wa Wanazi na kurejeshewa warithi wake, iliuzwa London mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 19, kiasi ambacho mpangaji wa Grand Hôtel de Russie asingeweza kukisoma bila kuomba karatasi.

Mwandishi wa makala haya, alipopata kazi London, alikuwa akipita National Gallery baada ya saa za kazi, na aliona kwamba wageni wengi huwahi Alizeti na kuupita mtaa wa Pissarro bila hata kupunguza mwendo. Picha hii inadai umbali wa aina mbili. Ikitazamwa kwa karibu sana, hadi mlinzi akatoa kile kikohozi chake cha adabu, magari ya farasi huvunjika yakawa mipigo mitano au sita ya kahawia na nyeusi yenye tone la chungwa, na mahali penye mwanga mkali wa maduka huonekana rangi iliyoburutwa juu ya rangi bila kufutwa wala kurudiwa. Ikitazamwa kutoka hatua sita nyuma, mipigo hiyo hujipanga, barabara hulowa, na taa za umeme hujitenga na za gesi kwa uwazi ambao picha ya kitabuni haiwezi kuutoa, kwa kuwa wino wa kuchapia huzifanya nyeupe zote ziwe nyeupe moja. Anayepita London na aitazame kwa namna hizo mbili. Kuingia National Gallery ni bure, na Ijumaa milango hufungwa saa tatu usiku, kwa hiyo hata mwenye kazi ya mchana kutwa anaweza kuiwahi.